Taji la Shanga la Mama Mzazi: Vazi la Kichwa katika Mila za Kilimanjaro na Imani Yetu

Utangulizi



Ndugu msomaji, katika parokia nyingi za hapa mlimani, siku ya upadrisho, ya jubilei au ya kumpokea mgeni mkubwa, inafika saa ambapo wazee wanasogea mbele na kumvika mgeni vazi la asili. Kofia ya manyoya inawekwa kichwani, shuka begani, fimbo mkononi. Vigelegele vinapigwa, simu zinainuliwa, picha zinachukuliwa. Baadaye, mtoto akituuliza kofia ile ina maana gani, wengi wetu tuna jibu moja tu: "Ni utamaduni wetu."

Jibu hilo ni la kweli, lakini halimwelimishi mtoto. Waswahili husema mwacha mila ni mtumwa. Nasi tunaongeza kwamba anayeshika mila asiyoijua maana yake hajawa huru bado. Katika somo hili tunataka kutazama mavazi ya kichwa yaliyotumika Kilimanjaro na katika nyika inayouzunguka mlima, tuulize yalisema nini, kisha tuyaweke mbele ya Maandiko Matakatifu na Liturujia ya Kanisa.

Hoja yetu ni hii: katika mila zetu, kama katika imani yetu, kitu kinachowekwa kichwani mwa mtu kwa heshima huwekwa na wengine, huwekwa kwa sababu mtu huyo amebeba uhai wa wengine akipita hatarini, na hufika wakati kikavuliwa. Tukilishika hilo tutagundua kwamba katika parokia zetu yuko mtu anayestahili taji kuliko wageni wengi tunaowavika, naye mara nyingi amekaa benchi la nyuma akimbembeleza mtoto.

1. Kichwa kinasimama badala ya mtu mzima

Kabla ya kusema juu ya kofia na taji tuseme juu ya kichwa chenyewe. Kiswahili chetu kinajua kwamba kichwa ni mtu. Tunahesabu watu kwa vichwa. Wazee wetu wakati wa ukoloni walilipa kodi ya kichwa. Baba tunamwita kichwa cha familia. Aliyeaibika huinamisha kichwa, na aliyeondolewa lawama hukiinua.

Katika desturi za Wachaga, kichwa ndicho kilichobeba habari za mtu mbele ya jamii. Wafiwa walinyolewa nywele baada ya maziko, na hata leo koo nyingi zinaendelea kufanya hivyo. Aliyewaona alijua bila kuuliza kwamba nyumba ile imepita msibani.

Historia ya Moshi inatufundisha jambo hilo kwa uchungu zaidi. Tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli wa Moshi ya Kale alinyongwa na Wajerumani pamoja na viongozi wengine wa Kichaga na Kimeru. Ukoo wake umeshikilia miaka yote kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, nao wamekitafuta kwa vizazi. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa kutoka huku kwetu na jamaa wanaoishi hadi leo. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa. Mtu aweza kuuliza: baada ya zaidi ya miaka 120, fuvu la kazi gani? Ukoo unajibu kwa kuendelea kutafuta. Kwao lile si fuvu. Ni babu ambaye hajarudi nyumbani.

Kwa hiyo anayeweka kitu juu ya kichwa cha mwenzake anagusa mahali penye uzito. Anasema neno juu ya mtu mzima, nafsi na mwili.

2. Manyoya ya shujaa

Nyika inayouzunguka mlima ni makazi ya Wamasai, na majirani hawa wametuachia mifano iliyo wazi. Vijana wa Kimasai waliotoka kutahiriwa huvaa nguo nyeusi, huchora nyuso zao kwa rangi nyeupe na kujifunga kichwani ndege waliowapiga kwa mishale. Tunawaona hadi leo kando ya barabara zetu. Vazi hilo linasema kwamba kijana yuko njiani: utoto ameuacha, ila hajawa morani kamili.

Morani wa zamani walivaa kofia ya manyoya ya mbuni iliyouzunguka uso wote, na aliyeua simba aliweza kuvaa manyoya ya shingo ya simba huyo. Mashujaa wa Kichaga wa karne ya 19 nao walijipamba kwa manyoya ya mbuni na ya mbega, kwa mtindo uliokaribiana sana na ule wa Wamasai, maana watu hawa walipigana, wakafanya biashara, wakaoana na kuigana.

Manyoya yale yalimfanya mtu aonekane mrefu na wa kutisha. Pia yalimfanya aonekane kwa urahisi, na adui alijua amlenge nani. Kuvaa kofia ya shujaa kulikuwa kukubali kuwa mbele ya wengine pale mkuki unaporushwa. Aliyetaka heshima bila hatari hakuwa na sababu ya kuivaa.

Tazama pia mwisho wa ushujaa huo. Katika sherehe ya Eunoto, morani anapoingia hatua ya kuelekea uzee, zile nywele zake ndefu zilizopakwa udongo mwekundu hunyolewa, na anayemnyoa ni mama yake. Kijana aliyekabili simba anakaa chini, anainamisha kichwa mbele ya mwanamke aliyemzaa, na wembe unapita. Wengi hulia. Fahari aliyoibeba kwa miaka inaanguka chini, na bila kuanguka huko hawezi kuwa mzee wa kuaminiwa na watu.

3. Vazi la mangi

Wamangi wetu nao walikuwa na mavazi yao. Mbega wa Kilimanjaro, mwenye mkia mpana mweupe na manyoya meupe marefu yanayoning'inia ubavuni, alitoa ngozi iliyothaminiwa kuliko nyingi. Misafara ya biashara kutoka Pangani na Pwani yote ilileta vitambaa na shanga, na mavazi ya Pwani yakaingia katika nyumba za watawala. Si sahihi basi kudhani kwamba palikuwa na vazi moja la asili lisilobadilika tangu mwanzo wa dunia. Mila zetu zilikuwa na milango, na kupitia milango hiyo vitu vya mbali vikawa vyetu.

Tuangalie cheo chenyewe. Mwaka 1952 Thomas Marealle alisimikwa Mangi Mkuu wa Wachaga wote, kwa shangwe kubwa. Haikupita miaka kumi. Mwaka 1960 Wachaga walipiga kura wakachagua kuwa na rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu, na baada ya uhuru serikali ikafuta mamlaka ya machifu nchi nzima. Watu waliovika ndio waliovua. Wapo wanaolisimulia jambo hili kwa masikitiko, na wapo wanaolisimulia kwa fahari. Sisi tunachukua funzo moja tu: taji la mangi halikuwa mali ya mangi. Alikuwa amewekewa amana.

4. Taji la mama

Sasa tufike penye kiini cha somo letu. Kati ya mavazi yote ya kichwa yanayotajwa katika habari za Wachaga wa zamani, lililo na maana nzito kuliko yote halikuwa la shujaa wala la mangi. Lilikuwa la mama aliyetoka kujifungua.

Mama mzazi aliwekwa ndani kwa muda wa miezi kama mitatu. Hakulima, hakukata majani ya ng'ombe, hakwenda sokoni. Kazi yake ilikuwa kupata nguvu na kumnyonyesha mtoto. Alilishwa vizuri kuliko mtu yeyote nyumbani: mtori wa ndizi na nyama, mlaso wa damu, maziwa na mafuta. Hata leo mtori na mlaso vinajulikana kama vyakula vya mzazi, na mume asiyeweza kumpatia mke wake nyama wakati huo husemwa na ukoo mzima.

Muda ule ulipokwisha, mama alinyolewa nywele. Akavikwa kichwani taji la shanga. Akavishwa vazi la ngozi lililoshonewa shanga. Akapewa mkononi fimbo ya namna ile wanayotembea nayo wazee. Kisha akatoka nje pamoja na mtoto wake, mara ya kwanza tangu ajifungue, akaelekea sokoni polepole. Njiani watu walimpokea kwa nyimbo, nazo zilikuwa za aina ile waliyoimbiwa mashujaa waliorudi salama kutoka vitani.

Tusipite haraka hapa. Tuziangalie ishara hizi moja moja.

Kunyolewa. Wembe uliomnyoa mfiwa ndio uliomnyoa mzazi. Wote wawili walisimama karibu na mlango wa kifo. Mmoja ameacha mtu pale, mwingine amerudi na mtu mpya. Kichwa kilichonyolewa kinasema kwamba maisha yanaanza upya.

Taji la shanga. Shanga hazikuota kihambani. Nyingi ya shanga za kioo zilizouzwa Afrika Mashariki katika karne ya 19 zilitengenezwa Venice, Italia, zikapita Zanzibar, zikabebwa mabegani na wapagazi mpaka milimani. Kilichokuwa cha thamani, kilichotoka mbali kuvuka bahari, kiliwekwa juu ya kichwa cha mwanamke wa kawaida, mkulima wa ndizi, kwa sababu amezaa.

Fimbo. Ni alama ya mtu ambaye neno lake linasikilizwa. Mama aliyevuka uzazi alihesabiwa kuwa na jambo la kusema.

Soko. Katika mila za Wachaga soko lilikuwa uwanja wa akina mama. Huko ndiko walikouza, wakanunua, wakapashana habari na kuamua mambo yao. Mama hakupelekwa mahali pa siri kutunzwa kwa faragha. Alirudishwa hadharani kati ya wenzake, nao wakamtambua.

Nyimbo za mashujaa. Hii ndiyo ishara kubwa. Jamii ile iliwapa wanaume nafasi ya mbele katika mashauri, lakini ilikiri kwa mdomo wake kwamba kuna vita vya aina mbili, na kwamba anayerudi na mtoto mikononi ni sawa na anayerudi na mkuki. Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mababu zetu walitaka kijiji kizima kiujue, walau kwa siku moja.

5. Falsafa kidogo: ishara inasema nini?

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha pili cha kazi yake iitwayo De Doctrina Christiana, anatofautisha ishara za aina mbili. Ziko ishara za asili, ambazo zinatujulisha kitu bila mtu kukusudia: moshi (hatusemi mji wetu) unatujulisha kwamba kuna moto. Ziko pia ishara zinazotolewa, yaani zile ambazo watu hupeana kwa makusudi ili kuonyesha yaliyo moyoni mwao au wanayoyafahamu. Maneno ndiyo ya kwanza kati ya hizo.

Mfano mzuri kwetu ni isale. Mmea huo ukiota wenyewe porini ni mmea tu. Ukipandwa mpakani unasema, "Kihamba changu kinaishia hapa." Ukichukuliwa mkononi na kupelekwa kwa uliyemkosea unasema, "Nisamehe," naye kwa desturi hawezi kuukataa hivi hivi. Jani ni lile lile. Kinacholifanya liwe na nguvu ni makubaliano ya watu wanaolipokea na ukweli wa moyo wa anayelitoa.

Ndivyo ilivyo kwa taji. Shanga zenyewe hazina nguvu ya kumlinda mama wala mtoto, na mwenye kudhani zinayo ameingia katika ushirikina. Nguvu ya ishara inayotolewa iko katika ukweli inaoutamka na katika jamii inayokubali kuwajibika kwa ukweli huo. Kumvika mama taji halafu kumpa jembe kesho yake asubuhi kungekuwa uongo uliosemwa kwa shanga. Taji lilikuwa la kweli kwa sababu lilitanguliwa na miezi mitatu ya mtori.

Kiswahili kina jina la ishara ya uongo: kilemba cha ukoka. Anayevikwa kilemba cha ukoka anasifiwa sifa zisizo zake. Ukoka ni kijani unapokatwa, na jua likipanda hunyauka juu ya kichwa cha aliyevikwa. Mara ngapi tumewavika watu kofia za manyoya kwa sababu tu wana fedha, au uchaguzi umekaribia, au tunatarajia mchango wao katika ujenzi wa kanisa? Hatari gani walipita kwa ajili yetu? Uhai wa nani waliubeba?

Kutokana na haya tunapata maswali matatu ya kupimia vazi lolote la heshima. Nani anavika? Kwa ajili ya nini? Na litavuliwa lini, mbele ya nani?

6. Maandiko na Liturujia

Tukiyapeleka maswali hayo matatu katika Biblia, tutashangaa jinsi yanavyojibiwa.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 28, Haruni anatengenezewa kilemba chenye bamba la dhahabu safi. Hakujivika mwenyewe, Mungu ndiye aliyeagiza na Musa ndiye aliyemvika. Na sababu inatajwa katika aya ya 38: Haruni alivaa bamba lile kwenye paji la uso ili abebe hatia ihusuyo sadaka za watu. Dhahabu ile ilikuwa mzigo.

Bwana wetu alivikwa taji mara moja tu hapa duniani, nalo lilikuwa la miiba (Mt 27:29). Askari walidhani wanamvika kilemba cha ukoka, taji la dhihaka. Bila kujua waliweka juu ya kichwa chake taji la kweli kuliko yote, maana hakuna aliyepita hatarini akibeba uhai wa wengine kama yeye.

Katika Ufunuo 12 anatokea mwanamke aliyevikwa jua, na kichwani mwake taji la nyota kumi na mbili. Wengi wetu tunaikumbuka aya ya kwanza kutokana na sanamu za Bikira Maria, tukaisahau ya pili: mwanamke huyo ana mimba, naye analia kwa uchungu wa kuzaa, na joka limesimama mbele yake. Kanisa limemwona ndani yake taifa la Mungu, na limemwona Maria. Mchaga wa zamani aliyemwita Mungu Ruwa, neno ambalo ni jina la jua pia, angeisikia aya hiyo kwa masikio ya pekee. Mwanamke aliyevikwa taji kwa sababu ya kuzaa hakuwa picha ngeni kwake. Alikuwa amemwona akienda sokoni.

Kitabu hicho hicho, katika sura ya 4, kinatuonyesha wazee ishirini na wanne wakizitupa taji zao mbele ya kiti cha enzi. Hapa swali la tatu linajibiwa: taji linavuliwa mbele ya aliye mkuu kuliko wote.

Liturujia inafuata njia hiyo. Mtoto anayebatizwa hupakwa krisma utosini, ashiriki ukuhani, unabii na ufalme wa Kristo. Taji la kwanza la Mkristo ni mafuta hayo, na kila mbatizwa analo. Anayewekwa wakfu kuwa askofu huwekewa kwanza mikono kichwani, kisha kitabu cha Injili kinashikwa wazi juu ya kichwa chake wakati wa sala ya kuwekwa wakfu, kisha anapakwa krisma. Baada ya hayo ndipo anavikwa mitra. Kabla ya kofia ya heshima kichwa chake kimekaa chini ya Injili. Na katika Misa, askofu huvua mitra anaposali sala kuu. Hata kile kikofia kidogo cha zambarau huwekwa kando kabla ya Prefasio na kurudishwa baada ya Komunyo.

Tarehe 13 Novemba 1964, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Papa Paulo VI alishuka na kuiweka tiara yake, lile taji la kipapa lenye ngazi tatu, juu ya altare ya Basilika la Mtakatifu Petro, iwe zawadi kwa ajili ya maskini. Tangu hapo hakuna Papa aliyevikwa taji hilo. Papa huyo huyo mwaka 1969 alifika Kampala akawaambia Waafrika kwamba wanaweza na wanapaswa kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Tunaona mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Aliyeweza kuvua taji lake mwenyewe ndiye aliyeweza kuuheshimu utamaduni wa wengine.

7. Utamadunisho wenye macho

Hati ya Mtaguso juu ya Liturujia, namba 37, inatufundisha kwamba Kanisa linayatazama kwa wema yale yote katika desturi za watu yasiyofungamana na ushirikina na makosa, na pengine huyapokea katika Liturujia yenyewe, mradi yapatane na roho halisi ya Liturujia. Tunapaswa kuyasoma maneno hayo yote, ruhusa pamoja na masharti.

Kwanza, ngozi na manyoya. Mbega wa Kilimanjaro ni kiumbe cha Mungu na ni mnyama anayelindwa. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kumiliki ngozi yake bila kibali ni kumiliki nyara za serikali, na ni kosa. Parokia inayotaka kofia ya asili itumie vitambaa, magome, mkonge au shanga. Mababu zetu walipokea shanga za Venice bila kuupoteza uchaga wao. Nasi hatutaupoteza tukimwacha mbega msituni.

Pili, tusifufue kila kitu. Zile desturi zilizofungamana na kuogopa mizimu au kutafuta nguvu katika vitu, Injili imekwisha kutuweka huru nazo.

Tatu, tumkumbuke mama aliyerudi kutoka wodini mikono mitupu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya akina mama kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Tunamshukuru Mungu na wahudumu wa afya kwa hatua hiyo kubwa. Lakini wako mama ambao hawakurudi, na wako waliorudi bila mtoto. Hao nao walikuwa vitani. Tukimwimbia mwenye mtoto na kumpita kimya aliyempoteza, tutakuwa tumejifunza nusu ya mila na robo ya Injili. Kanisa linalosimama na Maria chini ya msalaba lazima liwe na neno na mkono kwa ajili yake.

8. Tufanye nini?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Siku 84 ni majuma 12, karibu sawa na miezi mitatu ya mababu zetu. Lakini mama anayeuza ndizi Mbuyuni au mitumba Kiboriloni hana mwajiri wa kumpa likizo. Wengi hurudi kwenye meza zao mtoto akiwa bado mchanga, kwa sababu asipouza hali. Mila ilimpa muda, chakula na taji. Sisi tumebaki na mtori, na mara nyingine hata huo haupatikani.

Tunapendekeza mambo matatu yanayowezekana katika parokia yoyote.

La kwanza, Jumuiya Ndogo Ndogo ziwe na zamu ya mzazi. Anapojifungua mama wa jumuiya, kaya zigawane siku za kumpelekea chakula, kumfulia, kumtekea maji, na ikibidi kumkalia kwenye biashara yake. Hilo ndilo litakaloifanya ishara iwe ya kweli.

La pili, tuipe nafasi baraka ya mama iliyomo katika Ibada ya Ubatizo. Mwishoni mwa ibada hiyo padre humbariki kwanza mama aliyempakata mtoto, kisha baba, kisha wote. Mara nyingi baraka hii inapita haraka, watu wakikimbilia picha. Padre aisome taratibu, kwaya iimbe, na nje ya kanisa WAWATA, wanaofahamika kwa vitambaa vyao vya kichwa, wampokee mama na kumfunga kilemba cha kitenge. Tunasema nje ya kanisa ili tusiongeze kitu ndani ya ibada kwa mamlaka yetu wenyewe. Mchungaji wa jimbo ndiye mwenye kuamua zaidi ya hapo.

La tatu linatuhusu sisi waseminari. Siku ya upadrisho, Mungu akitujalia, wengi watataka kutuvika. Tupokee kwa shukrani, maana kukataa heshima ya wazee si unyenyekevu. Ila tuulize moyoni yale maswali matatu. Kichwa chetu kitakuwa kimewekewa mikono ya askofu muda mfupi kabla, na mikono ile ndiyo itakayotupa kazi ya kupita hatarini kwa ajili ya wengine. Nasi tukifika nyumbani, kabla ya kukaa meza kuu, tukainamishe kichwa mbele ya mama zetu, kama morani.

Maswali ya tafakari kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika ukoo wako, ni vazi gani la kichwa lililotumika katika sherehe, na wazee wanasema lilikuwa na maana gani? Waulize wangali hai.

2. Mara ya mwisho parokia yenu ilipomvika mtu vazi la heshima, nani alivika, na kwa ajili ya nini?

3. Ni akina mama wangapi wamejifungua katika jumuiya yenu mwaka huu? Nani aliwapelekea chakula?

4. Je, yuko miongoni mwenu mama aliyempoteza mtoto na hajawahi kutembelewa? Mtamwendea lini?

5. Soma Ufunuo 4:9-11. Wewe binafsi, ni taji gani unaloona vigumu kulivua mbele ya Mungu?